Foni ya Magharibi: Plazma ya Ionosfia ya Ikweta na Lugha ya Mawasiliano Mwambaoni Kazimia

1. Utangulizi

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Baraka kuteremka kusini hadi Kazimia, wilayani Fizi, habari nyingi zimesafiri kwa miaka mingi kwa redio ya masafa mafupi. Chombo hicho wenyeji hukiita foni, neno lililotoka katika Kifaransa. Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, huitwa simu ya upepo. Kabla ya minara ya simu za mkononi kusimamishwa, na hadi leo mahali ambapo mawimbi ya minara hiyo hayafiki, foni ndiyo iliyoita boti ya mgonjwa, iliyotangaza msiba na iliyouliza bei ya ndagala. Kila aliyewahi kuitumia anajua jambo moja: mchana sauti hutulia, lakini jua likishatua, hasa katika miezi fulani ya mwaka, sauti hutetemeka, humomonyoka, hupotea na kurudi.

Kwa kawaida hali hiyo hupewa maelezo mawili. La kwanza ni kwamba chombo kimeharibika: betri imechoka, antena imelegea, fundi aitwe. La pili ni kwamba mwendesha foni si mwaminifu. Mwandishi wa makala haya amewahi kushuhudia jambo la namna hiyo jioni moja ya mwezi wa Septemba. Jamaa walikuwa wamekusanyika kwenye foni kungoja habari za mgonjwa aliyepelekwa Uvira. Walisikia kwamba "atafika kesho". Alfajiri wakateremka ufukweni na machela, wakakaa huko mpaka jua likawa la utosi. Baadaye ilifahamika kwamba yule wa upande wa pili alikuwa amesema "hatafika". Aliyelaumiwa ni mwendesha foni, na lawama hiyo haikumtoka kwa muda mrefu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yako maelezo ya tatu, ambayo hayamhusu fundi wala uaminifu wa mtu. Kosa hilo lilianzia angani, kiasi cha kilomita mia tatu na zaidi juu ya vichwa vya wale waliokuwa wakisikiliza. Tutajaribu kwanza kueleza, kwa Kiswahili, mwenendo wa plazma ya ionosfia ya ikweta wakati wa magharibi. Kisha tutauliza swali linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha: ni sehemu gani ya sentensi ya Kiswahili inayoumia kwanza anga inapochafuka, na msemaji aweza kufanya nini ili maana isalimike?

2. Ionosfia ni nini?

Hewa tunayovuta inaundwa na molekuli zisizo na chaji ya umeme. Kadiri tunavyopanda juu hewa huwa nyepesi, na mnururisho mkali wa Jua huzipiga molekuli na atomi na kuzing'oa elektroni. Kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni zenye chaji hasi na ioni zenye chaji chanya, na mchanganyiko huo ndio uitwao plazma. Eneo la angahewa ambamo plazma hiyo ni nyingi kiasi cha kuathiri mawimbi ya redio huitwa ionosfia. Tunachagua neno plazma badala ya utegili kwa sababu utegili umekwisha kutumiwa kwa ule umajimaji wa damu, nasi hatuoni faida ya kuyachanganya mambo mawili ambayo hayana uhusiano.

Wanafizikia huigawa ionosfia katika matabaka matatu makuu. Tabaka D liko kati ya kilomita 60 na 90 hivi kutoka ardhini. Tabaka E liko kati ya kilomita 90 na 150. Tabaka F liko juu yake, na kilele cha msongamano wa elektroni zake kwa kawaida huwa kati ya kilomita 250 na 400. Kuwepo kwa tabaka linaloakisi mawimbi kulipendekezwa mwaka 1902 na Arthur Kennelly nchini Marekani na Oliver Heaviside nchini Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, baada ya Marconi kupokea ishara ya redio kupitia Bahari ya Atlantiki mwezi Desemba 1901. Uthibitisho wa majaribio ulipatikana mwaka 1924, Edward Appleton na Miles Barnett walipopima mawimbi yaliyorudishwa kutoka juu. Kazi hiyo ilimpatia Appleton Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1947.

Foni ya Kazimia hutegemea hasa tabaka F. Kati ya Kazimia na Uvira, au kati ya Kazimia na Bukavu, imesimama milima ambayo wimbi la redio haliwezi kuipenya. Basi wimbi hurushwa karibu wima, likagonga tabaka F na kurudi chini upande wa pili wa milima. Kwa hiyo tabaka F ni kama kioo. Kioo kikitulia, sura huonekana. Kikitikisika, sura huvunjika.

3. Machweo matatu

Kazimia iko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa ikweta. Mahali kama hapa Jua halitui kwa mshazari kama linavyotua katika nchi za mbali na ikweta, bali huteremka karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa. Kwa saa za mashariki mwa Kongo, machweo huangukia saa kumi na mbili jioni hivi mwaka mzima. (Kigoma, ng'ambo ya ziwa, saa husoma saa moja wakati huohuo, kwa kuwa Tanzania iko mbele kwa saa nzima.)

Lakini hayo ni machweo ya ardhini tu. Mtu aliye juu ya mlima huliona jua baada ya aliye bondeni kulikosa, na matabaka ya ionosfia ni kama milima mirefu mno. Hesabu ndogo ya jiometri, kwa kutumia nusu kipenyo cha Dunia cha kilomita 6,371, inaonyesha kwamba kimo cha kilomita 100, yaani katika tabaka E, huingia gizani dakika 40 hivi baada ya ardhi. Kimo cha kilomita 300, yaani katika tabaka F, huingia gizani baada ya saa moja na dakika kumi hivi. Kwa hiyo Kazimia kila siku ina machweo matatu: ya ufukweni saa kumi na mbili, ya tabaka E saa kumi na mbili na dakika arobaini, na ya tabaka F saa moja na dakika kumi usiku.

Matabaka hayo hayafi kwa namna moja. Katika tabaka D na E ioni nyingi ni za molekuli, na ioni ya molekuli hujiunga tena na elektroni upesi sana. Jua linapoondoka, tabaka D hutoweka na tabaka E hudhoofika katika muda mfupi. Katika tabaka F ioni nyingi ni za atomi ya oksijeni. Hizi haziwezi kujiunga na elektroni kwa wepesi. Hulazimika kwanza kukutana na molekuli na kuipa chaji yao, nazo molekuli huko juu ni chache. Kwa sababu hiyo tabaka F huendelea kuishi usiku, ingawa linapungua.

Kutoweka kwa tabaka D kuna faida moja inayofahamika na kila msikilizaji wa redio. Mchana tabaka hilo humeza mawimbi yatokayo mbali. Usiku mlango hufunguka. Ndiyo maana kizazi kizima cha wasikilizaji kilizoea kuzifuata jioni idhaa za Kiswahili za nchi za mbali, kama ile ya BBC iliyoanzishwa mwaka 1957 na ile ya Deutsche Welle iliyoanzishwa mwaka 1963. Lakini magharibi hiyohiyo inayoleta sauti za mbali ndiyo inayokorofisha tabaka F.

4. Upepo wa juu

Jina simu ya upepo lilitokana bila shaka na kutokuwepo kwa waya: sauti ilionekana kupita hewani tu. Kwa maana ya kawaida jina hilo si sahihi, kwa kuwa wimbi la redio halichukuliwi na upepo na husafiri hata pasipo hewa. Hata hivyo, msomaji ataona kwamba katika jambo tunalolieleza upepo unahusika kweli.

Upande wa Dunia ulio mchana, hewa ya kimo cha tabaka F hupata joto na kutanuka. Upande wa usiku hupoa na kunywea. Kwa hiyo wakati wa magharibi huvuma upepo mkubwa kutoka mchana kwenda usiku, yaani kuelekea mashariki. Upepo huo unasukuma plazma ndani ya uga sumaku wa Dunia, ambao karibu na ikweta umelala mlalo kutoka kusini kwenda kaskazini. Kipitishi cha umeme kinaposukumwa katika uga sumaku, umeme huzalishwa. Ni kanuni ileile ya dinamo ya baiskeli.

Mchana dinamo hiyo ya tabaka F haifui dafu. Mistari ya uga sumaku inaliunganisha tabaka F na tabaka E, na tabaka E la mchana hupitisha umeme vizuri hata chaji zote zinazokusanyika juu huvuja kupitia humo. Ni sawa na kuunganisha ncha mbili za betri kwa waya: nguvu yote inapotea. Tabaka E linapoingia gizani, waya huo hukatika ghafla. Chaji hurundikana kwenye mpaka wa mchana na usiku, na hapo huzuka uga umeme unaoelekea mashariki wenye nguvu kuliko ule wa mchana. Uga umeme wa mashariki, ukikutana na uga sumaku wa kaskazini, hulisukuma tabaka F kwenda juu kwa mwendo wa makumi ya mita kwa sekunde. Baada ya saa moja hivi uga umeme hugeuka ukaelekea magharibi, na tabaka huanza kushuka. Ule mpando mfupi kabla ya kugeuka ndio chanzo cha yote yanayofuata.

5. Maji juu ya mawese

Tuchukue chupa, tutie mawese, kisha tuongeze maji juu yake. Kila mpishi wa Fizi anajua kitakachotokea: maji, ambayo ni mazito zaidi, hayatakaa juu. Mawese yatapenya kwenda juu kwa michirizi na matone mpaka mpangilio ugeuke. Mahali mpenyo unapoanzia ni pale ambapo mpaka wa vimiminika viwili una kasoro ndogo. Kasoro hiyo hukua yenyewe. Wanafizikia huita hali hiyo ukosefu wa uthabiti wa Rayleigh na Taylor.

Tabaka F la magharibi linafanana na chupa hiyo. Upande wake wa chini umeliwa na giza, kwa hiyo plazma ya chini ni chache. Ya juu bado ni nzito. Tena limepandishwa hadi kimo ambako hewa ni haba na migongano inayozuia mwendo imepungua. Hata hivyo ulinganisho huu una kikomo. Plazma haianguki tu kama maji, kwa kuwa imefungwa na uga sumaku. Nguvu ya uvutano huzalisha ndani yake mkondo wa umeme. Mkondo huo ukifika mahali penye plazma haba hukwama, na chaji hujikusanya kwenye kuta mbili za mahali hapo. Chaji hizo huunda uga umeme mdogo ambao huisukuma plazma haba kwenda juu, nayo ikipanda kasoro huzidi kukua. Matokeo ni kiputo cha plazma: nafasi yenye elektroni chache sana inayopaa katikati ya plazma nzito, na ambayo yaweza kufikia kimo cha kilomita elfu moja na zaidi.

Dalili za jambo hili zilionekana mapema. Mwaka 1938 Henry Booker na Harry Wells walieleza kwamba mwangwi wa redio uliopimwa usiku huko Huancayo, nchini Peru, haukurudi kama mstari mmoja safi bali ulitawanyika. Mwaka 1956 James Dungey alipendekeza kwamba sababu ni ule ukosefu wa uthabiti tuliouzungumzia. Mwaka 1976 Ronald Woodman na César La Hoz, kwa kutumia rada ya Jicamarca nchini humohumo, walichapisha picha za mapovu yakipaa kama moshi kutoka chini ya tabaka F.

Kiputo kina upana wa makumi hadi mamia ya kilomita. Kuta zake hazilaini. Humomonyoka na kuzaa mikunjo midogo zaidi na zaidi, hadi ile ya mita chache. Kwa jumla, mapovu huzaliwa baada ya saa moja usiku, huwa makali kabla ya saa sita, kisha hufifia. Muda wote huo husogea kuelekea mashariki, mara nyingi kwa mwendo wa mita mia moja kwa sekunde hivi.

6. Kwa nini Kazimia?

Hapa yatupasa kutofautisha ikweta mbili. Ikweta ya kijiografia hupita kaskazini mwa Kazimia kwa nyuzi zisizofika tano. Lakini plazma hutii ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao uga sumaku umelala mlalo kamili. Barani Afrika mstari huo hupita mbali zaidi kaskazini, kwenye nyuzi 10 hivi, karibu na Addis Ababa. Kwa hesabu hiyo Kazimia iko nyuzi 14 au 15 kusini mwa ikweta ya sumaku.

Umbali huo si wa bahati nzuri. Mchana uga umeme huiinua plazma juu ya ikweta ya sumaku, kisha plazma huteleza kando mbili kufuata mistari ya uga sumaku, mfano wa maji ya chemchemi yanayoruka na kuangukia pembeni. Kwa hiyo elektroni nyingi kuliko kwingineko hazipatikani juu ya ikweta ya sumaku yenyewe, bali katika kanda mbili zilizo nyuzi 15 hivi kila upande. Appleton aliueleza ustaajabishaji huo mwaka 1946. Kazimia iko chini ya kanda ya kusini. Kiputo kinapopita hapo, tofauti kati ya ndani yake na nje yake ni kubwa mno, na kwa hiyo athari yake ni kali.

Kiputo hicho huzaliwa mbali na ziwa, juu ya nchi za Sudan, lakini hunyooka kufuata mistari ya uga sumaku kama utambi mrefu. Mstari unaopita juu ya Kazimia kwenye kimo cha kilomita 350 hufikia kilele cha kilomita 800 hivi juu ya ikweta ya sumaku, kisha huteremka upande wa pili, katika Jangwa la Sahara, kwenye maeneo ya mpaka wa Misri na Sudan. Kiputo kisichopanda hadi kimo hicho hakifiki Kazimia. Kinachopanda zaidi hukipita kijiji na kuelekea kusini zaidi.

Maelezo hayo yanatusaidia kuielewa miezi. Ule waya wa tabaka E una ncha mbili: moja upande wetu, nyingine Sahara. Mwezi Machi na Septemba, mchana na usiku ukiwa sawa kila mahali, ncha zote mbili huingia gizani pamoja na mkato huwa wa ghafla. Mwezi Juni na Desemba ncha moja hutangulia nyingine na mkato huwa wa polepole. Ndiyo maana katika Afrika ya Mashariki jioni mbaya zaidi ni za Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Aidha, hali hutegemea mzunguko wa Jua wa miaka 11 hivi. Mzunguko wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Jua limefikia kipindi cha kilele chake. Miaka ya kilele ndiyo miaka ya mapovu mengi.

Mkoa wetu si mgeni katika elimu hii. Taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 na ambayo makao yake yalikuwa Lwiro, karibu na Bukavu, ilikuwa na kituo cha kupima ionosfia, na ilishiriki katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 na 1958. Yaani anga hii ya Kivu ilipigwa mawimbi na kuandikwa mwangwi wake tangu kabla ya uhuru. Leo vipokezi vya setilaiti vilivyoko Mbarara, Kigali, Nairobi na Malindi huipima kila siku. Lakini matokeo huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na hayajamfikia yule aliyeshika foni ufukweni.

7. Sentensi inavunjikia wapi?

Wimbi la foni likikutana na tabaka lililojaa mikunjo, halirudi kwa njia moja. Hurudi kwa njia nyingi zenye urefu tofauti, na nakala hizo mara husaidiana, mara huuana. Sauti hupungua na kuongezeka mara kadhaa kwa sekunde moja. Msemaji wa Kiswahili naye hutamka silabi tano au sita hivi kwa sekunde. Basi pigo la anga na pigo la ulimi hulingana takriban: kinachomezwa si sentensi nzima, ambayo msikilizaji angejua kwamba imepotea, bali ni silabi moja moja. Hapa ndipo hatari ilipo. Sentensi iliyopoteza silabi moja yaweza kubaki sentensi kamili yenye maana nyingine.

Kiswahili kina kinga kubwa katika upatanisho wa kisarufi. Tukisema "watu wale wawili wamefika", wingi umetajwa mara nne. Silabi moja ikimezwa, zinabaki nyingine tatu za kushuhudia. Lakini ukanushi hauna kinga hiyo kwa kiwango sawa. Tulinganishe:

Wakati uliopo: anafika / hafiki. Ukanushi unaonekana mwanzoni na tena katika irabu ya mwisho.
Hali timilifu: amefika / hajafika. Silabi mbili za mwanzo hubadilika.
Wakati uliopita: alifika / hakufika. Hali ni hiyohiyo.
Wakati ujao: atafika / hatafika. Tofauti ni konsonanti moja tu, /h/.

Wakati ujao, basi, ndio mlango dhaifu kuliko yote. Idadi ya silabi ni ileile, mkazo uko palepale kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu zote ni zilezile. Konsonanti inayobeba maana yote ni /h/, ambayo si zaidi ya pumzi. Foni hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3000 hivi, na katika mkondo huo mwembamba pumzi haitofautiani na mvumo wa redio. Tena wasemaji wengi wa Kiswahili cha mashariki mwa Kongo huidhoofisha /h/ au huiacha kabisa, kama katika "apa" badala ya "hapa". Katika wingi hali ni afadhali kidogo, kwa kuwa "watafika" na "hawatafika" hutofautiana kwa silabi nzima; lakini nayo ni silabi ya mwanzo, ambayo humezwa msikilizaji akiwa hajatega sikio sawasawa.

Na wakati ujao ndio wakati wa foni. Boti itaondoka, mgonjwa atavuka, dawa zitakuja. Jamaa wale wa jioni ya Septemba hawakudanganywa na mtu. Walisikia kila kitu isipokuwa pumzi moja.

Tarakimu nazo zina udhaifu wake. "Tatu" na "tano" huanza kwa silabi moja. "Sita" na "saba" huanza na kuishia kwa sauti zilezile. Ikiongezwa tofauti ya saa kati ya Kongo na Tanzania, neno "saa tatu" lililosikika nusu laweza kumpoteza mtu kwa muda mrefu.

8. Mapendekezo

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, tunapendekeza mambo matano kwa wanaoendesha foni na wanaowafundisha.

Kwanza, habari ya uhai na kifo ipelekwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, au ingojewe hadi baada ya saa sita usiku, hasa katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Haraka ikilazimisha, isitegemewe kauli moja.

Pili, sauti ikianza kutetemeka baada ya machweo, mtu asikimbilie kufungua chombo. Kiputo chenye upana wa kilomita mia moja, kikisogea mita mia moja kwa sekunde, hupita katika muda wa robo saa na ushei. Ajaribu frikwensi nyingine, angoje, arudie. Mtetemeko ukionekana hata saa nne asubuhi, hapo ndipo aitwe fundi.

Tatu, ukanushi wa wakati ujao uepukwe. Badala ya "hatafika", isemwe "atabaki Uvira". Badala ya "boti haitaondoka", isemwe "boti italala Baraka". Kauli ya kuyakinisha haina silabi ya kupoteza inayoweza kuigeuza maana. Pasipo njia nyingine, isemwe "hapana, hafiki", kwa kuwa "hapana" ina silabi tatu na "hafiki" ina alama mbili.

Nne, tarakimu itajwe mara mbili kwa njia mbili, kama "tano, yaani vidole vya mkono mmoja", na saa itajwe pamoja na nchi yake.

Tano, mpokeaji arudie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, si kwa kusema "nimepata" tu. Anayesema "nimepata" anathibitisha kwamba amesikia kitu. Hathibitishi kwamba amesikia kilichosemwa.

Wanaotumia setilaiti nao wasijione wamesalimika. Mawimbi ya vipima-mahali, kwenye megahezi 1575.42, hupenya tabaka F bila kuakisiwa, lakini mikunjo ya mapovu huyafanya yametemete kama nyota, na kipokezi chaweza kuipoteza setilaiti moja au zaidi kwa wakati mmoja. Nahodha anayekaribia mwamba wa Ubwari saa mbili usiku kwa kutazama kioo cha chombo chake peke yake, afahamu kwamba chombo hicho nacho kinatazama kupitia anga ileile.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mtetemeko wa foni ya magharibi una chanzo chake katika mfuatano wa mambo: tabaka E kuingia gizani, upepo wa juu kupata nguvu, tabaka F kupanda, plazma nzito kukosa pa kukaa, na mapovu kunyooka hadi juu ya ziwa. Tumeona pia kwamba mfuatano huo unaishia katika sarufi, pale ambapo konsonanti moja imebebeshwa mzigo wa kusema ndiyo au hapana. Fizikia ya anga imesomwa sana, na sarufi ya ukanushi wa Kiswahili imesomwa sana. Ila hazijakaa pamoja kwenye meza ya mwendesha foni. Kuzikalisha pamoja ni kazi ambayo idara ya Kiswahili yaweza kuifanya kwa kushirikiana na idara ya fizikia, na matokeo yake yangeweza kuandikwa katika karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, na kubandikwa ukutani juu ya kila foni ya mwambao. Hapo mwendesha foni atakuwa na la kujibu siku atakapoulizwa kwa nini mgonjwa hakufika.